Siku Baba Alipoutajia Mlima Jina Lake

Miaka ya utoto wangu, kule Palma, kusini mwa mto Ruvuma, sisi watoto wa pwani tulisema "milimani" bila kujua tunasema nini. Milimani palikuwa popote pale ambapo bahari haionekani. Muhogo mkavu ulitoka milimani, asali ilitoka milimani, watu wenye chale usoni waliokuja kununua chumvi na samaki wakavu walitoka milimani, na mtoto aliyekataa kulala aliambiwa atapelekwa huko huko. Leo mimi ni mtu mzima na najua kwamba ule si mlima wa kilele. Ni uwanda ulioinuka, na juu yake unaweza kutembea kutwa nzima bila kupanda wala kushuka. Ila ukifika ukingoni, ardhi inakatika ghafla na kuporomoka hadi bonde la Ruvuma. Hata hivyo nitauita mlima, kwa sababu bibi yangu aliuita hivyo, na kisa hiki ni chake kuliko changu.

Bibi Somoe alikuwa mama yake mama. Alizaliwa pwani, kwenye ghuba ya Tungue, na hakuwahi kuishi pengine. Mama yake ndiye aliyetoka juu. Aliteremshwa akiwa msichana, akasilimu, akaolewa na mvuvi, asirudi tena kwao. Alichobaki nacho cha huko ni maneno, na maneno hayo akamwachia binti yake. Moja lilikuwa hili: mlimani mtu haitwi. Ukimwita mwenzako kwa sauti, wenye mlima wanasikia. Wakishalijua jina lake wanalitumia wao. Atasikia anaitwa, ataitika, ataifuata sauti, na sauti itampeleka pasipokuwa na pa kukanyaga.

Nililisikia neno hilo mara nyingi bibi akinisuka nywele barazani. Sikuliogopa. Mlima ulikuwa mbali, na mimi jina langu niliitwa siku nzima, kwa mema na mabaya, na hakuna kilichonipata.

Baba yangu, Athumani, alikuwa mtu wa Mtwara. Alivuka Ruvuma akiwa kijana na mizigo ya vitenge, akamwoa mama, akafungua duka karibu na soko. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, mcheshi, asiyeweza kukaa mahali pamoja. Alimwamini Mungu, na baada ya Mungu aliamini kile alichoweza kukishika. Mara nyingine akirudi msikitini Ijumaa alimwambia bibi, kwa adabu ya mtu anayesema na mkwewe, kwamba mambo ya wenye mlima yaachwe.

"Mama, hakuna wa kuogopwa ila Mungu."

"Namwogopa Yeye, mwanangu," bibi alimjibu. "Wale wengine najihadhari nao tu."

Mwaka ule nilikuwa darasa la pili. Ulikuwa msimu wa kusi, baridi imeanza, na baba alikuwa ameazima gari la mshirika wake wa biashara. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kununua mali, na huko aliona watu wakiwachukua watoto wao siku za mapumziko, wanakwenda mahali, wanatazama, wanarudi, hawakununua kitu wala hawakumzika mtu. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Aliliita paseyo, neno la Kireno ambalo sote tulilitumia kwa matembezi yasiyo na haja.

"Tutakwenda mpaka kule juu, upande wa Nangade," alisema. "Tutatazama mto, tutakula, tutarudi jioni. Fatu hajapata kuona mlima. Hajapata kuiona nchi ya baba yake kutoka juu."

Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, lakini kichefuchefu kilikuwa kimekwisha na alitamani kutoka nyumbani. Bibi alisema yeye haendi, na kama maneno yake yangesikilizwa basi asingekwenda mtu. Baba alicheka. Mama alijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Asubuhi ya safari tulipotoka na vyombo vyetu tukamkuta bibi amekwisha kaa ndani ya gari, kiti cha nyuma, amejifunika kanga juu ya kanga.

"Mama, si ulisema huendi?" mama aliuliza.

"Nilisema. Twendeni."

Nilikaa ubavuni pake. Pindo la kanga yake lilikuwa limefungwa fundo, na fundo lilinukia. Baba alivuta pumzi, akamtazama kwenye kioo.

"Mama, huo ubani wa nini?"

"Ni wangu," alisema bibi, na hapo yakaisha.

Njia ilikuwa ya mchanga, gari likiyumba kama linaogelea. Tulipita mikorosho, tukapita mashamba ya muhogo, kisha msitu uliotubana pande zote mbili, kisha vijiji ambavyo watoto wake walitukimbilia wakipiga kelele. Sikumbuki ni wapi hasa tulianza kupanda. Ninachokumbuka ni masikio yangu kuziba, na hewa kubadilika, ikawa na harufu ya majani mabichi badala ya chumvi. Mama alifungua dirisha akasema, "Kumbe kuna baridi hivi karibu na kwetu!" na baba akafurahi kana kwamba baridi ile ameileta yeye.

Gari lilisimama mahali njia ilipoishia, kwenye majani mafupi yenye miti michache. Ukingo ulikuwa mbele kidogo. Tuliteremsha jiko la mkaa, mama akachemsha chai, tukala mikate ya kumimina na samaki wa kukaanga waliotoka nyumbani. Wakati tunakula alipita mwanamke na kikapu cha muhogo kichwani. Alitusalimu. Bibi akamjibu kwa Kimakonde, na hilo lilinishangaza, maana sikujua kama anacho. Yule mama alisimama, akaitazama mbingu nyuma yetu, upande wa baharini, akasema maneno machache, akaenda zake.

"Anasema nini?" baba aliuliza.

"Anasema tusikae. Wingu la kusi hushuka mchana."

"Tutaondoka, Mama. Tutazame mto kwanza, ndilo lililotuleta."

Tukaliacha jiko pale pale karibu na gari, makaa yakiwa bado na moto, tukaenda ukingoni.

Nilichokiona siwezi kukieleza vizuri hata sasa. Sikuwahi kusimama mahali ambapo ndege walikuwa chini yangu. Ardhi ilikatika, na huko chini kulikuwa na misitu iliyoonekana kama ukoga wa kijani, na ziwa dogo linalong'aa, na mbali zaidi mstari mweupe ambao baba alisema ndio Ruvuma. Ng'ambo ya mstari kulikuwa na nchi nyingine ya rangi ya moshi. "Kule ndiko kwetu," baba alisema, na sauti yake ikalainika. Ukingo wenyewe haukunyooka. Ulipinda kama mundu, hata upande wetu wa kulia poromoko lilitokeza mbele na kutugeukia, ukuta mwekundu wa udongo na mawe, na kati yetu na ule ukuta hapakuwa na kitu, ni uwazi mtupu.

"Fatu," baba aliniambia, "sema neno lolote, kwa sauti. Ule ukuta utakujibu."

Nilimtazama bibi. Alitikisa kichwa, kidogo tu. Nikafumba mdomo.

Baba alicheka, akaweka viganja mdomoni. "Haloo!"

"...loo," ukuta ulijibu.

Mama alicheka bila kutaka, mkono juu ya tumbo. Mimi nilitamani kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Baba akarudia, na ukuta ukarudia.

"Baba Fatu, imetosha," bibi alisema.

Naamini baba alifanya alichofanya kwa ajili yangu. Aliniona nimejikunyata kwenye kanga ya bibi, na alitaka kuniondolea hofu mara moja, kama mtu anavyong'oa mwiba. Alivuta pumzi, akapiga ukelele wa kuita mtu aliye ng'ambo ya mto:

"Athumaniii!"

"...maniii," ukuta ulisema. Kisha, kutoka mahali pa mbali zaidi, kwa sauti iliyofifia, "...niii."

Bibi alikaa chini kwenye majani.

"Umeshawapa," alisema.

"Nimewapa nini, Mama?"

"Jina."

Baba aliona amevuka mpaka, kwa maana alimwinamia bibi na kumwomba radhi, na bibi alimwitikia kwa kichwa. Lakini baba hakuwa mtu wa kukaa na aibu yake. Aliona kijinjia kilichoshuka kutoka ukingoni hadi kwenye jiwe kubwa lililotokeza chini yetu, njia ya warina asali labda, akasema kutoka pale mto utaonekana bila kuzuiwa na miti. "Nateremka hapo tu, kwenye lile jiwe. Mtakuwa mnaniona."

Na kweli tulikuwa tunamwona. Alishuka akishikilia vichaka, akafika, akasimama juu ya jiwe na shati lake jeupe, akatupungia mkono. Mama naye akampungia.

Ndipo nikahisi baridi kisogoni. Niligeuka. Wingu lilikuwa linakuja kwa miguu. Siwezi kusema vingine. Nilikuwa nimezoea mawingu yanayopita juu, na hili lilikuja chini, kati ya miti, likilala juu ya majani. Gari halikuwapo tena. Mti uliokuwa karibu na gari ukatoweka, kisha mti uliokuwa karibu nasi. Ukungu ukatupita, ukatulowesha nyuso, ukafika ukingoni na kumiminika chini. Nilimwona baba ameinua uso kuutazama. Kisha kukawa na weupe tu mahali alipokuwa.

"Baba Fatu!" mama aliita.

"...Fatu!" ukuta ukajibu upande wa kulia.

Na baba akaitika. "Nakuja! Nakuja!" Niliisikia sauti yake kwa uwazi, ila haikutoka chini yetu alikokuwa. Ilitoka kulia, kule kwenye uwazi.

"Yuko huku," mama alisema, akageuka kulia na kuanza kutembea, mkono mmoja mbele kama mtu anayetafuta ukuta gizani. "Baba Fatu! Tuko huku! Baba Fatu!"

Bibi hakupiga kelele. Alijitupa mbele, akaishika kanga ya mama kiunoni, akaivuta kwa uzito wake wote, wakaanguka pamoja kwenye majani. Mguu wa mama ulikuwa umesukuma kijiwe. Tulikisikia kikibingirika kidogo, kisha hatukukisikia tena.

"Huko hakuna ardhi, Zaina."

"Nimemsikia!"

"Na mimi nimemsikia. Nyamaza."

"Mama, atadhani tumemwacha!"

"Na adhani," bibi alisema. "Ukiita atakuja. Na akija, atakuja kule."

Kutoka katika ule weupe baba aliita tena. "Mama Fatu! Mko wapi?" Sauti ilitoka kulia, kisha kidogo ikatoka mbele, kama watu wawili wanaouliza swali moja. Mama alijaza pindo la kanga mdomoni mwake na kuling'ata. Mabega yalimtetemeka. Bibi alimkumbatia kwa nyuma, mikono yake miwili imefungana juu ya tumbo lenye mtoto, na sijui kama alikuwa anambembeleza au anamzuia. Nadhani yote mawili.

Nimepata kusikia mambo mengi mabaya tangu siku ile. Lakini kumsikia baba yako akiuliza mko wapi, nawe unajua, nawe una sauti, nawe unakaa kimya, hilo bado naliweka mahali pake peke yake. Nilifungua mdomo. Bibi alinitazama tu.

Tukasikia mawe. Si kijiwe kimoja safari hii, ni mawe mengi yakiporomoka, na tawi kukatika, na sauti ya baba iliyokuwa si neno. Halafu hapakuwa na kitu.

Mama aliacha kutetemeka. Hilo lilinitisha zaidi.

Bibi alinivuta karibu hata nikahisi pumzi yake shavuni. "Mke mwenzangu," aliniambia, ndivyo alivyoniita tulipokuwa wawili, "jiko liko kwenye gari. Nenda ukalilete, mimi siwezi kumwachia mama yako. Upepo uupokee usoni, usigeuze uso kando hata kidogo, utafika. Ukirudi, uweke kisogoni. Utembee polepole. Mimi nitakuwa nakohoa. Ukisikia sauti nyingine yoyote, hata ikiwa yangu, usiitike."

"Hata ikiniita mimi?"

"Hata ikikuita wewe."

Nilikwenda. Sikuona miguu yangu. Upepo ulikuwa na maji ndani yake, nao ulinipiga machoni, na nilijua kwamba macho yakitaka kuukimbia, nami nitapinda njia bila kujua. Kwa hiyo niliyafumba, nikatembea nimefumba macho, uso mbele, kama mtu anayeoshwa. Nyuma yangu bibi alikohoa, kisha akakohoa kwa mbali zaidi.

Katikati ya njia nikasikia, "...Fatu."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, laini, karibu na sikio. Sasa najieleza kwamba alikuwa baba, kwamba aliita "Mama Fatu" kutoka chini na upepo ukakata neno la kwanza. Huenda ndivyo. Lakini wakati ule nilikuwa mtoto peke yangu ndani ya wingu, na kitu kinalijua jina langu. Nilisimama. Mwili mzima ulitaka kusema "Labeka", kwa sababu tumefundishwa hivyo, mtoto akiitwa na mkubwa husema labeka, na ulimi wangu ulikuwa tayari umegusa meno. Nikaung'ata. Nikaendelea kutembea hadi paji la uso wangu likagonga bati la gari.

Chini ya jivu makaa yalikuwa bado mekundu. Nililishika jiko kwa kipande cha leso cha mama, nikaugeuzia upepo kisogo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kurudi ni kubaya kuliko kwenda. Upepo ulikuwa unasukuma kuelekea ukingoni. Nikipitiliza, nimepitiliza. Nilisogeza mguu mmoja, nikausikiliza, nikasogeza wa pili. Sikusikia kikohozi. Nikasogea. Sikusikia. Kisha kikaja, kidogo, kikavu, kushoto kwangu, na nikakifuata mpaka vidole vya bibi vikanishika kifundo cha mguu.

Aliyapuliza makaa. Alifungua fundo la kanga kwa meno, akamwaga ubani. Moshi uliinuka mnene, ukasimama kidogo juu ya vichwa vyetu, kisha upepo ukaupinda na kuupeleka ukingoni, ukashuka pamoja na ukungu. Bibi alikuwa anasoma kwa midomo. Niliitambua Alhamdu, na baada yake maneno ambayo hayakuwa Kiarabu wala Kiswahili, halafu Alhamdu tena. Alipunguza ubani, akaweka kidogo kidogo, maana fundo lilikuwa dogo.

Tulikaa. Sijui ni muda gani. Mama alikuwa ameufumbua mdomo wake na hakuita. Aliutazama moshi tu, akiusindikiza kwa macho mpaka unapopotea, kisha anarudi kutazama mwingine.

Punje za mwisho zilipokuwa zinaungua, majani ya ukingoni yalisogea na mkono ukatokea, umejaa udongo. Halafu kichwa. Baba alikuja kwa magoti na viganja, pua juu, kiatu kimoja hakipo, shati limechanika hadi ubavuni. Alitambaa moja kwa moja mpaka kwenye jiko, na alipoliona akasimamisha mikono yake pembeni mwake kama mtu anayeota moto.

"Nani amechoma ubani?" aliuliza.

Mama alimwangukia. Alimpiga mgongoni kwa ngumi, akalia, akampiga tena, na baba akamwacha. Bibi alimngoja amalize, kisha akamshika baba kidevu na kuugeuza uso wake huku na huku kama wa mtoto aliyeanguka.

"Uliitika?"

"Niliitika, Mama."

"Pole, mwanangu. Tukae hapa hapa mpaka kuonekane. Asisimame mtu."

Tulikaa tumeshikana nguo mpaka ukungu ulipopungua, gari likaonekana, nasi tukaliendea kwa mstari, bibi mbele. Tulipoiona bahari jua likiwa linazama nyuma yetu, baba alisimamisha gari, akashuka na mguu wake mmoja mtupu, akasimama mchangani, akarudi, tukaenda nyumbani.

Baba hakugeuka kuwa muumini wa mambo ya bibi. Ila zile hotuba za Ijumaa zilikoma. Na bibi hakumkumbusha kitu, wala hakumwambia mtu yeyote mtaani kwamba alisema nini na likawa nini. Majirani walipouliza juu ya shati na kiatu, alisema mkwewe ameteleza.

Nilipofika darasa la sita mwalimu alitufundisha habari za sauti. Alisema sauti ikigonga ukuta hurudi, na anayeisikia ikirudi huweza kudhani imetoka kule ilikogonga. Niliona poromoko lile mbele yangu ubaoni. Kwa hiyo mama alipoita, baba alikuwa anaisikia sauti yake ikitoka ng'ambo ya uwazi, naye akaifuata. Na baba alipoitika, sisi tulimsikia hukohuko. Kila mmoja alikuwa anamwita mwenzake shimoni. Moshi haurudi. Moshi unatoka ulikotoka, na mwenye pua akiufuata kinyume cha upepo atafika. Nilikimbia nyumbani kumweleza bibi. Alikuwa anapaa samaki, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kisu.

"Kwa hiyo shuleni wanalijua jambo hilo?"

"Wanalijua, bibi."

"Vizuri. Na huyo anayejibu, wamekwambia jina lake?"

"Eko. Kwa Kireno wanasema eko."

"Eko," bibi alirudia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi nao wanamjua."

Alikufa kabla ya vita hivi vya karibuni, kitandani kwake, na tulimzika karibu na mama yake. Namshukuru Mungu kwa hilo. Baadaye vita vilitutoa Palma kama vilivyowatoa wengine, na sasa tuko Mtwara, kwenye nyumba ya ndugu zake baba. Baba amezeeka. Sauti yake kubwa imekwisha. Mwaka jana, tumekaa uani asubuhi tunakunywa chai, nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: mawe yale yalikuwa nini.

"Mguu ulikosa," alisema. "Nilifuata sauti ya mama yako, hatua iliyofuata haikuwa na chini. Nikashika mti, nikajivuta, nikakaa. Nikamwita mara moja tena, hakunijibu. Nikajua mmeniacha."

"Bibi alimzuia."

"Najua. Na ndivyo nilivyopona. Kama angeendelea kuita ningeinuka tena." Aliizungusha chai kikombeni. "Lakini niliinuka, Fatu. Niliinuka kwa sababu niliitwa. Jina langu. Athumani."

"Mama hakukuita jina."

"Mama yako hajaniita jina tangu tuoane."

"Ulilipigia ukelele mwenyewe, baba. Ulikuwa mwangwi."

"Nilipiga ukelele kabla sijashuka. Mwangwi unachelewa hivyo?" Alicheka kidogo, kicheko cha zamani. "Nilikuwa nimeshakwenda hatua mbele. Kisha ikanijia harufu, nikakumbuka maulidi nyumbani kwa mama yangu, nikataka kujua nani anachoma ubani porini. Nikageuka kuitafuta. Hivyo tu."

"Ulimwambia bibi?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu angeniamini."

Nimeligeuza neno hilo moyoni tangu siku ile. Mtu aliyeponea chupuchupu, peke yake kwenye ukungu, anaweza kusikia chochote. Nami pia nilisikia. Siwezi kuapa kwamba mlima hauna wenyewe, wala siwezi kuapa kwamba unao, na umri umenifundisha kuishi bila kuapa.

Ninachokifikiria zaidi ni bibi. Tangu hapo nimepita mahali pabaya kuliko ukingo ule, wanangu wakiwa wamenishika nguo, na najua sasa hofu inavyofanya kazi ndani ya mwili, inavyokwambia kaa, jifiche, waache wengine waende. Baba, mama na mimi tulikwenda mlimani siku ile kwa wepesi, kwa kuwa tulidhani hakuna kitu. Bibi Somoe alijua, kwa kadiri mtu anavyoweza kujua jambo alilonyonya kwa mama yake, kwamba kule kuna kinachochukua watu. Alikataza, hakusikilizwa. Angeweza kubaki barazani na kungoja aonekane alisema kweli.

Alikuwa ndiye mwoga peke yake katika safari ile, na alikuja.